UZI: Simu zabadilika kila mwaka, mbona jeki ya karne ya 19 bado twaichomeka? Konekta zisizozeeka na sababu zake

#1 Bisibisi_Ndogo

Asalam aleikum wanauzi.

Chukua meza ya fundi yeyote wa elektroniki pale Mwembe Tayari, Mombasa, uhesabu vichwa vya kebo vilivyotapakaa juu yake. Jeki ya gitaa ya milimita 6.35 ilikuwa kazini kwenye vibao vya kuunganishia simu tangu karne ya 19. Plagi ya antena ya TV, ile ya kusukuma tu bila kuzungusha, ilitoka kwa Belling & Lee wa Uingereza miaka ya 1920. Konekta ya D, ile yenye pini 9 nyuma ya mizani na mashine za viwandani, ni ya ukoo ulioanza 1952. Plagi yetu ya ukutani ya pini tatu bapa ni ya 1947. Kando ya vyote hivyo kuna simu iliyobadilisha tundu la chaji mara mbili tatu ndani ya miaka 20.

Swali: kinachovidumisha ni ubora, au ni watu kuogopa kazi ya kubadilisha? Kila mmoja aeleze konekta ya fani yake. Imekaa kwa nini, ina kasoro gani ambayo haijarekebishwa, na kwa hewa yetu ya chumvi huanza kufa wapi. Vipimo tafadhali. Jibu la "ni kwa sababu ni nzuri" halitoshi.

#2 SautiMajengo

Waleikum salaam. Nianze na jeki, maana ndiyo nyanya yao wote.

Itazame kwa karibu. Ncha yake imevimba, na nyuma ya ncha kuna shingo iliyobonyea. Ndani ya soketi mna ulimi wa chuma wenye springi unaoangukia kwenye shingo hiyo. Ule mlio wa "tak" ndio ulimi ukikaa mahali pake. Hakuna skrubu, hakuna kufuli, wala haijali umeizungusha upande gani. Mwendeshaji wa kibao cha simu alichomeka na kuchomoa kutwa nzima kwa mkono mmoja, macho yakiwa kwenye taa. Mpiga gitaa jukwaani gizani ana haja hiyo hiyo. Kazi haikubadilika, umbo libadilikie nini?

Faida ya pili imejificha. Soketi nyingi za jeki zina swichi ndani yake: ukiingiza hedifoni, ulimi unasukumwa, unaachana na kipande cha pili, na spika zinakatika zenyewe. Hapo ndipo latoka lalamiko la kila siku la redio iliyonyamaza spika huku hedifoni zinalia vizuri. Usikimbilie kung'oa IC ya ampu. Toa umeme, nyunyiza dawa ya kusafishia kontakti, chomeka na uchomoe jeki mara 10 hadi 15, kisha weka mita kati ya ulimi na kipande cha swichi, jeki ikiwa nje. Ikisoma zaidi ya omu 1 au ikirukaruka, badilisha soketi yenyewe.

Sasa kasoro. Jeki inapoingia, ncha inagusa kila ulimi ulioko njiani. Kwa kitambo kidogo kinachotakiwa kubeba sauti kimeshikana na erthi, au na kitu kingine kabisa. Ndiyo ile "bu!" kwenye spika. Kwa sauti hakuna hasara kubwa, kwa umeme ni shoti. Ndiyo maana volti 48 za kulisha mikrofoni hazipitishwi kwenye jeki. Kasoro ina zaidi ya miaka mia, na dawa ni ile ile: shusha chaneli kwanza.

Ile ya milimita 3.5 ni mtoto wake. Ilienea na redio za transista, Walkman ya 1979 ikaifikisha kila mfuko. Ilipoongezwa pete ya mikrofoni yakazuka madhehebu mawili, CTIA na OMTP, yanayobadilishana nafasi ya erthi na mikrofoni kwenye vipande viwili vya mwisho. Dalili ya kuchanganya: muziki unasikika kama uko ndani ya mtungi na mwimbaji hayupo, lakini ukibana kitufe cha kujibia simu sauti inakuwa sawa. Hedifoni haina ubovu, inahitaji adapta ya kugeuza nafasi hizo mbili.

#3 BintiWaya

> Kazi haikubadilika, umbo libadilikie nini?

Kaka SautiMajengo, nakubali nusu. Jeki ya simu na jeki ya muziki hazilingani kamili. Zote zina mwili wa 6.35, lakini ile ya simu ina ncha nyembamba zaidi. Ukilazimisha jeki ya gitaa kwenye paneli ya zamani ya aina ya simu, inaingia, na inapanua ndimi. Baadaye ukirudisha jeki yake halali inalegea na kukatakata. Kwa hiyo hata hapo kuna mabadiliko, ila yamefanywa kwa namna ambayo jicho halioni.

Na hiyo ndiyo hoja nitakayoishikilia uzi mzima: kinachogandishwa ni uso wa kukutania tu. Nyuma ya uso watu hubadilisha wapendavyo. Nitarudi na RJ45, kichwa cha kebo ya mtandao, ndiyo ushahidi wangu.

#4 MzeeFyuzi

Plagi ya ukutani, BS 1363. Uingereza ilitoka vitani shaba ikiwa haba. Wakaamua kuzungushia nyumba waya mmoja wa duara unaorudi kwenye fyuzi ya ampea 30, badala ya kila soketi kuvutiwa waya wake. Sasa ampea 30 haziwezi kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani, kwa hiyo fyuzi ndogo ikatiwa ndani ya plagi. Umbo lote linafuata hapo. Sisi tukalirithi pamoja na volti 240.

Tazama ilivyofikiriwa. Pini ya erthi ni ndefu kuliko wenzake. Inaingia kwanza na kufungua vifuniko vya plastiki vinavyoziba matundu mawili ya chini. Kebo inatokea chini, kwa hiyo ukiivuta kwa nguvu plagi haichomoki kirahisi. Ndani, ukiifungua ukaitazama pini ya erthi ikiwa juu, buluu inaenda kushoto, kahawia kulia kwenye fyuzi, na waya wa kijani na manjano juu. Huo wa erthi uuachie ulegevu kidogo kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Badiliko kubwa la uso tangu 1947 ni plastiki iliyovishwa shingoni mwa pini mbili za umeme miaka ya 1980, ili kidole kisiguse shaba plagi ikiwa imetoka nusu. Soketi za zamani zinaipokea bila neno.

Fyuzi ni hesabu ya darasa la tano: wati gawanya kwa 240. Birika la wati 2200 lavuta ampea 9.2, tia 13. Taa, redio, chaja, chochote chini ya wati 700, tia 3. Kutia 13 kila mahali ni sawa na kuajiri bawabu kipofu.

Za bandia zinajulikana. Pitisha sumaku: pini halali ni za shaba nyeupe au njano, hazishikwi. Ukiona pini ya erthi nayo imevishwa plastiki shingoni, irudishe dukani hapo hapo, kwa sababu plastiki hiyo inaizuia kugusana na erthi ya soketi.

#5 KijanaKongowea

Shikamoo Mzee Fyuzi. Ile ya kusukuma kalamu tundu la juu ndipo plagi ya pini mbili iingie, kila nyumba wanafanya. Ubaya wake nini hasa? Na kwa nini waya wa kompyuta hauingii kwenye baadhi ya mabirika na sufuria za umeme, ilhali ukitazama ni kitu kimoja?

#6 MzeeFyuzi

Marahaba mwanangu.

Kalamu: pini za duara za milimita 4 hazijai kwenye ndimi zilizotengenezwa kwa pini bapa. Zinagusa kwa kona. Mguso mdogo ni upinzani mkubwa, upinzani ni joto, joto linalegeza springi, na springi iliyolegea inagusa kidogo zaidi. Baada ya miezi soketi ina alama ya kahawia usoni. Na plagi hiyo haina fyuzi, kwa hiyo waya wake mwembamba unalindwa na ampea 30 za ukuta. Adapta nzuri yenye fyuzi ndani ni bei ya chai na mahamri.

Waya wa kompyuta ni C13, ampea 10, mdomo wake umekadiriwa kwa nyuzi 70. Kifaa chenye moto hutumia C15, nyuzi 120, chenye kifereji chini. Kifaa kina kinundu kinachoikataa C13, lakini C15 itaingia kwenye kompyuta bila shida. Umbo lenyewe ndilo linalosema hapana. Usikikate kinundu kwa kisu.

#7 Rifa3h

Nyote mwazungumzia vitu vya mezani. Njooni bandarini Kilindini muone konekta ambayo hata dunia ikikubaliana kuibadilisha kesho, haitabadilika keshokutwa.

Kila kontena la baridi, rifa, lina kebo ya kama mita 18 na plagi moja tu: IEC 60309, nyekundu, ampea 32, fezi tatu na erthi, nafasi ya 3h. Hiyo 3h yasomwa kama saa. Tazama soketi uso kwa uso, kifereji kikubwa kikiwa chini saa 6, utaliona tundu la erthi saa 3. Pini ya erthi ni nene kuliko zile tatu, haiingii tundu jingine. Mashine za kawaida za kiwandani za volti 400 zina plagi ya rangi hiyo hiyo na ukubwa huo huo, ila erthi iko saa 6. Ukiwa na mikono ya chuma bado hutaweza kuchomeka moja kwenye nyingine.

Sababu ya 3h: inabeba volti 380 za hezi 50 na volti 440 za hezi 60 kwa soketi moja. Ya kwanza ni umeme wa nchi kavu, ya pili wa melini. Rifa limetengenezwa kula zote mbili, na kidhibiti chake hupanga mfuatano wa fezi chenyewe. Mashine ya kiwandani haina tumbo hilo. Anayetengeneza adapta ya kutoa 3h kwenda 6h anafuta ulinzi wote kwa skrubu nne.

Sasa hesabu wenye mali. Parachichi zinapakiwa bara. Lori lina jenereta, ya mtu wa kwanza. Bandari ina soketi zake, meli ina zake, bandari ya Rotterdam ina zake, ghala la mnunuzi lina zake. Kontena lenyewe ni la mtu wa sita. Hakuna hata mmoja mwenye amri juu ya wenzake, na yeyote atakayeanza kubadilisha ndiye mzigo wake utakaooza. Hapo ndipo penye jibu la swali la #1. Ubora umo, lakini kinachofunga ni kwamba upande wa pili wa kebo si wako.

Kuchomoa: zima rifa kwenye kidhibiti, kisha swichi ya soketi, ndipo uzungushe pete na uvute kwa mwili wa plagi, usivute kebo. Soketi nyingi za uwanjani zina kufuli ya chuma inayokataa plagi itoke swichi ikiwa juu. Ukikuta kufuli imechokonolewa, usiitumie. Kabla ya kuchomeka tazama pini nne. Nyeusi maana yake springi za jike zimelegea na kuna joto. Kijani maana yake maji ya chumvi yameingia. Papasa raba ya duara mdomoni. Ikiwa imekatika, au pete haikuzungushwa mpaka mwisho, ile IP67 (alama ya kuzuia vumbi na maji) iliyoandikwa ubavuni ni mapambo.

Fezi moja ikikosekana mota inanguruma haizunguki, kisha ulinzi unakata. Pima volti kati ya fezi kwa jozi zote tatu, zinatakiwa karibu sawa. Zikiwa sawa kwenye soketi na rifa bado linalia fezi, tatizo ni plagi: fungua, kaza skrubu, na ukikuta waya umebadilika rangi kuwa kama kahawa, kata sentimita 5 urudi kwenye shaba safi. Kukaza tu shaba iliyoungua ni kuahirisha.

#8 BintiWaya

Nimerudi. Rifa3h amenisaidia nusu ya hoja.

Kichwa tunachokiita RJ45 kilitoka kwenye ukoo wa plagi za simu za kampuni ya Bell, miaka ya 1970. Mtandao wa 10BASE-T wa 1990 ulikichukua kwa sababu kilikuwa rahisi na majengo yalikwisha zoea waya wa aina hiyo. Uso ule ule: megabiti 10 mwaka 1990, 100 mwaka 1995, 1000 mwaka 1999, 10,000 mwaka 2006. Mwaka 2003 ukaanza kubeba na umeme, wati 15.4, leo hadi 90.

Lakini uso huo una kasoro ya kuzaliwa. Simu ilitaka jozi ya kwanza ikae katikati, pini 4 na 5, ili plagi ndogo ya simu ikichomekwa bado ifanye kazi. Kwa hiyo jozi ya pili ikabidi iipanue miguu juu yake, pini 3 na 6. Waya mbili za jozi moja zimetenganishwa na jozi ngeni katikati. Hakuna njia bora kuliko hiyo ya kuvujisha ishara. Wangeweza kupanga upya. Hawakuthubutu, kwa sababu ya mamilioni ya soketi ukutani. Badala yake, ndani ya soketi za Cat 6 (daraja la kebo za kasi) kuna kibao kidogo chenye njia za shaba zilizochorwa kuvujisha kinyume na kufuta ule uvujaji wa plagi. Plagi nyingi za Cat 6 nazo hupanga matundu ya waya juu na chini, si mstari mmoja. Kwa macho hujui tofauti.

Ndiyo maana mkono wa fundi unahesabika. Hatua:

Menya gamba la nje sentimita 3, usikwaruze waya. Nyoosha, panga kwa mpangilio wa rangi wa T568B: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Bana kwa vidole, kata mstari mmoja zibaki milimita 13. Zaidi ya hapo umefungua msokoto kupita kiasi. Sukuma mpaka uone shaba nane zikigusa ukuta wa mbele, na hakikisha gamba limeingia chini ya kabari ya plastiki. Krimpu (bana kwa koleo lake) mara moja kwa nguvu. Gamba lisiposhikwa na kabari, uzito wote wa kebo unabebwa na waya, na kichwa kitakatika baada ya mwezi.

Makosa ninayoyaona yanarudiwa:

Kupanga kwa jozi zinazofuatana kirahisi (chungwa, kijani, buluu, kahawia) pande zote mbili. Tester ya taa itakupa 1 hadi 8 zote kijani. Lakini 3 na 6 sasa ni za jozi mbili tofauti, na mtandao unasuasua. Tester ya taa hupima mguso tu, haijui jozi.

Kompyuta inaonyesha 100 badala ya 1000: tazama buluu na kahawia kwanza. Kasi ya 100 hutumia pini 1, 2, 3 na 6 tu, kwa hiyo inaishi hata hizo nyingine zikifa.

Plagi ya waya laini kwenye waya mgumu. Meno ya plagi ya waya laini yanachoma katikati ya nyuzi. Kwenye waya mgumu yanateleza pembeni. Uliza kabla hujanunua pakiti.

Na kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Kwa kamera zinazolishwa umeme humo humo, usiiguse. Ina upinzani mkubwa, inapata joto, na inavunjika kwenye krimpu.

#9 Bisibisi_Ndogo

Ahsanta sana dada. Kwa hiyo twasema kasoro inajulikana, dawa inajulikana, ila dawa inapakwa upande usioonekana. Je, kuna konekta ambayo kasoro yake haikupakwa dawa yoyote na bado iko?

#10 Liwatoni156

Iko, nayo ni mkate wangu. PL-259, ile ya redio za VHF za boti. Wamarekani wa Amphenol waliitoa miaka ya 1930 na kuiita UHF, enzi ambapo masafa ya juu yalihesabiwa kuanzia chini sana kuliko leo. Haina impidensi (upinzani kwa mawimbi ya redio) moja ya uhakika ndani yake, na yenyewe haizuii maji hata kidogo. Konekta ya N iliyofuata miaka ya 1940 ina omu 50 za kweli na raba ndani. Kwa karatasi, PL-259 ilipaswa kufa zamani.

Haikufa kwa sababu mbili. Kwenye megahezi 156 kasoro yake ya impidensi ni ndogo mno. Kebo mbaya inakula mara nyingi zaidi. Mita 30 za RG-58, kebo nyembamba ya antena, kwa masafa hayo hula karibu desibeli 6, yaani kwenye wati 25 unafikisha kama 6 juu mlingotini. RG-213, iliyo nene, kwa urefu huo hula chini ya 3. Ukibadilisha kichwa ukaacha kebo, hujafanya kitu. Na sababu ya pili ameshaitaja Rifa3h: kila redio ya boti dukani ina tundu hilo.

Ila maji ni kilio. Yakipita kwenye nyuzi yanateremka ndani ya suka la shaba kama utambi, mita baada ya mita. Ukimenya kebo ukakuta suka jeusi, kata mpaka ling'ae. Haling'ai? Tupa yote.

Kufunga kwa RG-213: pitisha kola, ile pete ya nje yenye nyuzi, kwenye kebo kwanza. Narudia, kola kwanza. Menya gamba milimita 28. Kutoka nchani bakisha waya wa kati mtupu milimita 16. Suka likate liachie milimita 1 au 2 za plastiki nyeupe zionekane, kisha lipake risasi nyembamba. Zungushia mwili wa plagi mpaka suka lionekane kwenye matundu manne ya ubavuni. Lehemu humo kwa pasi ya wati 80 hadi 100 yenye ncha nene, upesi. Pasi ya wati 30 ndiyo inayoharibu: mwili wa plagi unakunywa joto, fundi anasubiri dakika nzima, plastiki ya ndani inayeyuka, na waya wa kati unahama hadi uguse suka. Malizia kwa kulehemu ncha. Ipoe yenyewe, usiitie maji.

Pima kabla ya kuunga antena: kati na mwili visome wazi kabisa. Ukipima na antena juu yake usishtuke ukiona shoti, baadhi ya antena hujengwa hivyo. Kisha SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) kwenye chaneli 16, chini ya 2, ikiwezekana 1.5.

Kuziba: tepu ya raba inayojishika yenyewe. Ivute hadi urefu wake uwe maradufu, ilale nusu juu ya nusu, na uanzie chini kwenda juu. Ni makuti haya: ukiezeka kuanzia juu, mvua inaingia chini ya kila safu. Juu yake funga tepu nyeusi ya kawaida ya kuikinga jua.

#11 SautiMajengo

Ya pili ya aina hiyo ni RCA, ile plagi ya sauti ya nyekundu na nyeupe. Pini ya kati inatangulia kugusa kabla ya ukingo wa nje, maana yake sauti inafika kabla ya erthi. Ndiyo ule mngurumo ukichomeka ampu ikiwa wazi, na kwa ampu kubwa unaweza kuchana karatasi ya besi. Hakuna aliyeirekebisha kwa sababu kiwandani haigharimu kitu. Zima ampu, chomeka, washa.

XLR, ile ya pini tatu ya mikrofoni, ilitoka kwa Cannon wa Los Angeles na yenyewe ilifikiriwa: tundu namba 1 la jike limesogezwa mbele, erthi inafika kwanza. Kebo ina dume upande mmoja na jike upande wa pili, kwa hiyo kebo mbili ni kebo moja ndefu bila adapta. Hapo pia kulikuwa na vita, pini ya 2 au ya 3 ipi ni chanya. Tangu 1992 kiwango cha AES kinasema 2. Ukiwa na mikrofoni mbili karibu karibu na besi inapotea zikiwashwa pamoja, fungua vichwa vyote. Mahali fulani 2 na 3 zimebadilishana.

#12 KijanaKongowea

Basi mbona simu hazikugandishwa kama rifa?

#13 BintiWaya

Kwa sababu mwenye kebo na mwenye tundu alikuwa mtu mmoja. Apple ilitoa tundu la pini 30 mwaka 2003, ikalizika 2012 ilipoleta Lightning. Haikumwomba mtu ruhusa. Mwisho wake Ulaya ikatumia sheria: tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima ziwe na USB-C.

Linganisha na USB-A ya 1996, ile ya kugeuza mara tatu ndipo iingie. Kuifanya ya pande mbili kungehitaji waya maradufu na gharama zaidi, wakaacha. Ilipofika kasi ya USB 3.0 mwaka 2008, waliongeza vipande vitano vya mguso, mstari wa pili kwenye ulimi ule ule. Flashi ya zamani haivitumii, inafanya kazi kama kawaida. Uso uko vile vile, tumbo limebadilika. Na chunguza ndani: vipande viwili vya pembeni vya umeme ni virefu kuliko vya data. Umeme unafika kwanza na kuondoka mwisho. Darasa la jeki lilisomwa.

#14 Rifa3h

Kuhusu chumvi, mtu aseme kuhusu dhahabu. Wengi wanapiga msasa.

#15 BintiWaya

Msasa kwenye dhahabu ni mauaji. Plagi nzuri ya RJ45 ina dhahabu ya mikroni 1.27, nyingi hazifiki hapo. Pitisho moja la msasa na umefika kwenye nikeli. Tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, na brashi laini. Na usioanishe dhahabu na bati. Zikitikisika pamoja, bati linahamia kwenye dhahabu na kuota ganda gumu.

Kwa kamera za nje, Nyali au Likoni, adui ni umeme ndani ya unyevu. Volti karibu 48 na tone moja la maji ya chumvi zinatosha kuyeyusha pini ya upande chanya. Switchi inayotumia 4-5 na 7-8, chanya ni 4 na 5, zitazame hizo kwanza. Jaza grisi ya silikoni ndani ya plagi kabla ya kuchomeka, kichwa kitazame chini, na uache kebo ining'inie kitanzi chini ya tundu ili maji yadondokee hapo. Kichwa kilichokwisha kuwa kijani hakisafishwi. Kata, krimpu kipya, na badilisha soketi ya pili yake pia, la sivyo inaambukiza kile kipya.

#16 Bisibisi_Ndogo

Swali la mwisho kwa Liwatoni. Kola ikisahaulika, na kichwa kimeshalehemiwa, kuna namna ya kuipitisha bila kukata?

#17 Liwatoni156

Kama mwisho wa pili wa kebo bado hauna kichwa, ipitishe kutoka huko uisukume mpaka huku. Kama una kichwa, chukua kisu.